Umeniuliza Usome Nini

Mahfudh, ujumbe wako umenikuta Dundee, saa kumi jioni,
na giza limeshaingia kama mgeni asiyebisha hodi.
Unataka kuwa mwandishi wa programu.
Unataka orodha: vitabu kumi, kwa mpangilio,
ambavyo ukivimaliza utakuwa fundi.

Nimejaribu. Nimeandika namba moja, nikaweka nukta,
nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Basi anza na kijitabu cha boila.
Changu kinaning'inia kwa uzi nyuma ya mlango wa kabati,
kurasa arobaini, zimeingia masizi.
Taa nyekundu ikiwaka mara tatu, fungua wa kumi na nane.
Aliyekiandika hakunijua,
ila alijua nitamjia Januari, nina baridi, nina hasira,
mkono mmoja umeshika tochi.
Ukiweza kumwandikia mtu wa namna hiyo,
nusu ya kazi umeshaimaliza.

Soma kamusi, ile nene, uone neno moja
linavyobeba maana tatu bila kupasuka:
kaa la moto, kaa wa pwani, kaa kitako.
Mashine haina subira hiyo. Kwake kaa ni kaa,
na ukiipa la moto ilipotaka kukalia,
itaungua ikiwa imekaa.

Soma mashairi ya kupimwa. Usicheke.
Nyanya yangu, Bi Shemsa, alipima mizani kwa vidole
juu ya meza ya plastiki, nane kwa nane,
na silabi ikizidi alisimama pale pale
kama aliyejing'ata ulimi.
Nami nilijaribu, basini, nikivuka daraja la Tay:

    Kosa si lake mtambo, mtambo hushika neno,
    ukiuamuru jambo, hulitenda bila guno.

Mstari wa tatu umenishinda tangu Oktoba.

Vile vinene vya madukani, vyenye majalada ya kung'aa,
navyo soma. Sikukatazi. Viwili, vitatu.
Kimoja nimekitia chini ya mguu wa meza, mwaka wa saba sasa,
na meza haijayumba.

Lakini kilichonifunza mimi hakina jalada.
Wiki yangu ya kwanza halmashauri ilinikabidhi
programu ya kodi za nyumba, ameiandika Elspeth Durie
mimi nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu.
Mistari elfu kumi na moja. Nilitamani kuifuta yote.
Niliisoma siku tisa, kidole juu ya kioo,
nikisonya.
Siku ya kumi, katikati ya hesabu ya salio,
nikakuta maneno yasiyo ya mashine,
yale ambayo mashine huyaruka, ya watu tu:

    Najua hii ni mbaya. Ni saa nane usiku, mtoto ana homa.
    Usiondoe ile jumlisha moja. Mimi niliiondoa.
    Mtaa mzima ulidaiwa kodi mara mbili.

Nilikuwa nimeiondoa asubuhi ile.

Niliirudisha, vidole vikinitetemeka,
kisha nikauliza Elspeth yuko wapi.
Hakuna aliyejua. Mzee wa mishahara
alikumbuka koti tu, la kijani, na kwamba
alikuwa akila chakula cha mchana amesimama.

Soma basi kazi ya mtu aliyekwisha ondoka.
Isome polepole, bila dharau,
ujiulize alikuwa amechoka kiasi gani.
Halafu soma yako ya mwaka jana:
utamlaani mpumbavu aliyeiandika,
ushuke chini kutafuta jina lake,
ukute lako.

Namba moja bado ina nukta peke yake.
Ijaze wewe.
Nilitaka kuongeza jambo juu ya hesabu,
maana hesabu nazo husomwa,
lakini samahani, taa ya boila imewaka.
Mara tatu.
Naenda kusoma.