Milimita Mbili

Bi Raya Faki wa Kangagani
akinywa chai hutanguliza kidole,
hulishika jino la mbele
kama mtu anayeshika mlango usio na bawaba.
"Kila mtoto na jino lake," akanambia.
"Nimezaa saba. Hili namwekea nani?"

Kijiti changu cha kupimia kina mistari.
Kikazama baina ya fizi na jino
mpaka mstari wa saba,
damu ikakifuata juu.
Kwenye picha, mfupa uliobaki:
mkarafuu wa mteremkoni baada ya masika,
mizizi nje,
udongo umekwenda zake bondeni.

Mwanawe alishamletea kutoka Maskati
jino la kupachika, jeupe, ndani ya kikasha cha pamba.
Alilitazama, akalifunika.
Jino la pembe si dawa ya pengo,
na hapa pengo lenyewe halijawa pengo.

Chupa ilitoka kwa Nasra, Chake,
chumba cha juu ya duka la vitambaa,
miaka minne akichuja manjano na makonyo,
makonyo yale yale yakikamuliwa Wawi
hewa nzima hunuka.
Seli za mfupa zimelala kwenye kioo;
tone likizidi, zinakufa.
Akapunguza. Akapunguza.
Usiku mmoja akanipigia simu analia,
nikadhani kafiwa:
"Zimeanza kujenga."

Bi Raya alicheka.
"Manjano! Nimesingwa nayo siku ya harusi,
nimeyapika miaka hamsini,
yakipita hapo hapo kinywani. Mbona hayakuotesha kitu?"
Yanapita, mama. Hayakai.
Huu ute tumeufunga ukae.

Nikakwangua kwanza, ukoga mgumu kama chokaa,
kisha nikaudunga chini ya fizi, tone la njano.
Mswaki asubuhi na jioni. Tambuu basi.
Hapo pa tambuu tuligombana.

Mwezi wa sita kijiti kikashuka,
kikasita kwenye mstari wa tano.
Nikapima tena. Tano.
Damu haikuja.

Huenda ni ute. Huenda ni mswaki tu,
au tambuu aliyoiacha, kama kweli kaiacha.
Wagonjwa wetu ni kumi na wanane,
na Nasra hataki nitamke "dawa".
Nikaandika tarakimu, nikatia saini.

Bi Raya hakungoja tarakimu.
Alifungua pindo la kanga,
akatoa kashata ya nazi, kavu, ya juzi,
akaing'ata kwa mbele,
bila kidole.