Ndoana Namba Kumi na Sita

Taya la jiliwa limeuma ndoana
ndogo kuliko punje ya mtama.
Nazungusha uzi mweusi, mara saba, nabana;
nachomeka unyoya wa kanga, nakata, napuliza.
Nzi huyo. Hana roho, ila ana haraka.

Trauti simjui.
Nasikia ana madoa kama kanga huyu niliyemnyonyoa,
na ubavuni mstari mwekundu, kama wino wa mwalimu
aliyesahihisha kwa hasira.
Nasikia hula akiutazama mkondo, mgongo kaupa bahari,
yaani mgongo kanipa mimi.

Anayenipa habari ni Gikandi, mlinzi wa mto, Kiganjo.
Hanisalimu. Huanza na maji.

Januari: "Yamekonda, Nyevu. Kokoto zahesabika.
Samaki wana macho kama wapangaji wenye deni.
Nifungie namba kumi na sita, wa kijivu, wembamba,
na mbwembwe uziache huko huko pwani."
Nami hapa Barani bati lalia pa, pa, kwa jua,
jasho lateremka hadi kwenye uzi,
nafunga nzi watakaoogelea penye baridi ya kung'oa meno.

Aprili: "Umechafuka. Rangi ya chai ya maziwa.
Leta wakubwa, weusi, wenye risasi tumboni, wazame,
maana samaki sasa hatazami, anapapasa.
Na kama unamjua kumbikumbi, nifungie kumbikumbi."
Kama namjua!
Usiku ule walikuwa wameizonga taa,
mama mkwe na bakuli lake anawaokota wa kukaanga,
nami nimemshika mmoja kwa mbawa, namkagua viungo:
tulia, bwana, nakupiga nakala, kisha uende bakulini.

Julai huandika maneno machache.
"Ukungu. Vidole havikunji. Samaki chini kabisa."
Julai silipwi vizuri.

Miaka tisa, masika yakishika,
nimekuwa nikienda darajani kuutazama Sabaki
unavyoshuka na udongo wa watu, magogo, kiatu kimoja,
na kuipaka bahari kahawia hadi Mambrui.
Nilimwambia binti yangu Mbodze: haya ni maji ya Gikandi.
Tena nikayaamkia. Shikamoo, maji.
Mwaka huu nikamwandikia: "Mto wako umefika salama."
Akajibu asubuhi, bila haraka:
"Si wangu. Sagana humwagikia Tana, Tana hutokea Kipini.
Huo wako ni Athi. Umepitia Nairobi, umefua nguo za watu."

Nilicheka hadi Mbodze akaja kuchungulia.
Kisha nikanyamaza.
Miaka tisa namwamkia mgeni wa jirani.

Kesho yake alfajiri nikachukua kumi na sita mmoja, kombo kidogo,
yule ambaye Gikandi angemrudisha,
nikamfunga kwenye mshipi, nikaenda mlangoni mwa mto,
pale maji matamu yanapobishana na chumvi.
Kiboko alipiga chafya ng'ambo. Matope yalinishika hadi magotini.
Nilirusha vibaya, kama mtu anayefukuza nyuki.
Mara ya kumi na kitu, mshipi ukanyooka:
fedha tupu, ubavu bila doa, bila wino wa mwalimu.
Mkizi. Akakasirika, akakata, akaenda zake na nzi wangu.

Nikaandika, vidole vinanuka tope:
"Hali ya mto, Malindi. Maji mazito, chai ya maziwa.
Samaki mmoja, mwenye hasira.
Anakula kumi na sita. Wa kijivu. Usinibishie."

Saa nzima hakujibu.
Kisha: "Nitumie ishirini.
Na huyo wa kombo, mfunge vile vile."