Chumvi na Mvua, Rangi Moja

Makala yana safu mbili,
simu yangu ina upana wa vidole vinne.
Nasoma nusu ya sentensi, nasukuma kulia,
narudi kushoto kukitafuta kiarifu,
nikikipata, kiima kimeshanitoka.
Ndivyo nilivyosoma mwaka mzima wa shahada
habari za maji yaliyolala chini ya mchanga wa Shela:
kwa kuchungulia tundu la ufunguo.

Macho yakaanza kuwasha.
Tabibu akanitia matone, akauliza,
"Usiku wasoma nini?"
Nikamwambia: visima.
Akaandika kwenye kadi: apunguze visima.

Mchezo wetu wa Langoni ulinifikia mwezi wa Rajabu,
elfu thelathini na mbili
ndani ya bahasha ya harusi ya watu wengine.
Bi Zuhura akasema friji.
Mwanaesha akasema mabati.
Mama hakusema kitu. Alitazama juu, kwenye paa.

Binamu yangu Famau, muuza chaja na kava,
alinitandikia vitatu juu ya kaunta
taratibu, kama mtu apangaye vikombe vya wageni.

Cha kwanza, inchi sita, chepesi kama mkate wa mofa.
Nikakipa makala yangu; kikayakunja, kikayapanga kivyake,
mlinganyo wa tatu ukamwagika kama mchele wa mfuko uliopasuka,
na tanbihi ya ukurasa wa saba
ikaingia katikati ya Matokeo
bila hodi.

Cha pili, kibao cha kioo, rangi zote zimo.
Nikatoka nacho barazani, saa tano ya mchana:
nikajiona mimi,
na nyuma yangu punda akipita na mawe ya ujenzi.
Kisima sikukiona hata kimoja.

Cha tatu kimetumika, inchi kumi, kona moja imeumwa.
Mwenyewe alimaliza shahada yake Mombasa,
au aliiacha, Famau hajui.
Jua lilipozidi, herufi nazo zikazidi.
Ukurasa ukaenea mzima,
safu kwa safu na ujia mwembamba kati yake,
kama nyumba za Mkomani.

Ila rangi hakina.
Nikafungua mchoro wa nne, nnaoujua kwa moyo:
mstari mwekundu chumvi, wa buluu mvua,
miaka ishirini ya kupishana na kukatana.
Hapa yote miwili kijivu.
Chumvi na mvua, rangi moja.
Nikaduwaa.
Kwa mtu anywaye maji ya kisima
hilo si jambo dogo.

Nikakiazima kwa usiku mmoja, nikaenda nacho nyumbani.
Baba alikuwa akitoboa vishimo vya kofia.
Hakuinua uso. "Na hashiya," akauliza, "waandika wapi?"
Yeye ana kitabu kimoja tu cha urithi,
pembezoni kimejaa maneno ya watu wanne waliobishana,
matini yenyewe imebaki kisiwa.

Nikachomoa kalamu yake ubavuni.
Wino ulichelewa nyuma ya mkono, nusu ya pumzi.
Juu ya mstari mmoja nikaandika chumvi,
juu ya wa pili, mvua.
Nikafungua simu kuhakikisha:
nilikuwa nimezigeuza.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Asubuhi Famau alikamata elfu thelathini na moja
akanizidishia kava bure,
ya kifaa kingine kabisa.

Jedwali la tatu bado halienei.
Nakilaza ubavu, nami nalala ubavu.
Friji hatuna, na paa linavuja palepale;
Mama ameweka sufuria, nami nimesogea karibu nayo
kwa kuwa ndipo taa inapofika.

Ukurasa wa saba, chini ya ile tanbihi isiyo na adabu,
hashiya yangu ya kwanza, mwandiko umepinda:
Usiku huu, mvua.
Kipimo: sufuria ya wali,
nusu.