Kibanio cha Arobaini na Moja

Kule Trieste upepo una jina: unaitwa Bora,
wala hakuna aliyeuita hivyo kwa kuusifu.
Unashuka mlimani kama mdai asiyebisha hodi,
unapindua miavuli ndani ikawa nje,
na kukicha mapipa ya taka yamefurika mbavu za chuma,
buibui waliofia mkutanoni.

Nives Crevatin hupita na kitoroli, akizoa.
Vitambaa hushona: kofia, mfuko wa sabuni,
aproni ya muuza samaki mwenye tumbo lake.
Vyuma huvipeleka mezani, chini ya taa,
kwa kuwa Februari ile Bora ulimnyang'anya shuka la harusi
ukamvika jenerali wa shaba uwanjani,
na watu wakapiga picha.

Akaapa, kwa koleo mkononi.

Kibanio cha kwanza kilikuwa cha mbao; kilicheua soksi.
Cha nne kilishika barabara, kikatoboa.
Cha tisa kilipendeza machoni,
basi.
Cha kumi na saba kiliruka na foronya yake
kikaokotwa ng'ambo ya ghuba, huko Muggia,
au ndivyo alivyodai Livio, mumewe,
ambaye hudai mengi akishashiba.

"Hiki kinaniuma kidole," alilalama Livio.
"Ndiyo kazi yake."
"Kidole changu si nguo."
Nives hakusikia. Alikuwa akiandika kasi ya upepo.

Jibu alilikuta sokoni, ndani ya kikapu:
kaa aliyegoma kuuzwa.
Kadiri muuza samaki alivyomvuta
ndivyo alivyozidi kung'ang'ania ukingo.
Nives alisimama pale, kitunguu mkononi,
foleni ikamzunguka kama maji yazungukavyo jiwe.

Usiku akapinda ubavu wa mwavuli mara mbili,
ukawa herufi isiyomo katika alfabeti yoyote.
Cha arobaini na moja.
Bora ukaja, ukakaa siku tatu.
Ulivuta; kikabana. Ulivuta tena; kikabana zaidi.
Suruali za Livio zilikimbia mbio ndefu
pale pale zilipotundikwa.
Upepo ulioitupa miavuli
sasa ulizuiwa na mifupa yake.

Akampelekea Ondina, jirani wa ghorofa ya nne,
mwenye miaka themanini na sita na gauni moja la Jumapili.
Ondina akakigeuza, akakiminya,
akakibembeleza kwa lahaja ya nyumbani,
akakitukana kwa lahaja hiyo hiyo.
Hakikufunguka.
"Umekitengenezea upepo, mwanangu," akasema.
"Upepo haufui nguo."

Nives akaomba mkono wake.
Si kuushika kwa pole: kuupima.
Akaulaza juu ya karatasi, akauzungushia penseli,
vifundo kama tangawizi,
kidole gumba kilichochoka kuwa kidole gumba.
Daftari zima la kasi za upepo,
na hakuna ukurasa hata mmoja wa mkono.

Cha arobaini na mbili bado kiko mezani:
mkia mrefu, wa kuminywa kwa kiganja.
Kinalegea kidogo. Atakipatia, au hatakipatia.

Lakini kile cha kabla yake Ondina alikataa kukirudisha.
Kimebana mfuko wake wa kahawa, harufu haitoki.
Kila asubuhi hugonga sakafu kwa fimbo,
na Jernej, mwanafunzi wa ghorofa ya tatu,
hupanda na nywele zake za usingizini kumfungulia.
Akishafungua hawezi kuondoka hivi hivi;
birika liko motoni, na vikombe, ajabu,
vimekwisha kuwa viwili.

Nives aliandika daftarini:
*Kasoro. Hakifunguki kwa mtu mmoja.*
Akainua kalamu aikate hiyo "kasoro",
nje Bora ukasukuma dirisha, ukasukuma tena,
naye akaenda kuanua nguo.