Kijifupa

Umeme umerudi Kadutu, lakini picha haikuona kitu.
Wameipitisha mkono kwa mkono:
safi, safi, aende nyumbani.
Fundi matofali aliyeteleza jukwaani kule Nguba
ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti.

"Bado," nasema. Darasa zima linageuka.

Koko, mama yake baba, hakujua a wala be,
ila Bagira nzima ilimletea viungo vyake
kama watu wanavyopeleka saa kwa fundi.
Alipasha mawese kwenye kisahani cha bati,
akaweka dole gumba, akanyamaza.
Mfupa hauhojiwi, Cibalonza. Unasubiriwa.

Nabonyeza kibonde chini ya dole gumba la fundi.
Jasho linamtoka puani.

"Jina la mfupa?" auliza Profesa Birindwa.
Nimelisahau. Mwaka wa nne, nimelisahau!
Wanacheka. Naye anacheka, anakata alama mbili,
kisha anakishika kibonde kile mwenyewe,
anakawia.

"Mfungeni plasta. Siku kumi, picha tena."

Nashuka mteremko jioni, matope hadi kifundoni,
na jina linakuja, limechelewa,
silabi kwa silabi.

Bado siku kumi.