Arobaini na Saba

Kitabu kilisema dakika tano.
Dawa inaingia mshipani, misuli inatetemeka, inalegea,
tunapitisha mpira kooni,
na kabla jasho la glavu halijakauka
mgonjwa anaanza kuhema mwenyewe.

Nagaratnamma hakuhema.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshatolewa, kimekaa bakulini,
mpasuaji kavua kofia, anaulizia chai.
Mji wa Ongole, saa tisa usiku,
joto limelala juu yetu kama ng'ombe.
Nikafunga gesi ya usingizi. Nikasubiri.
Kifua kimya.
Mashine iliyo nzima ilikuwa ghorofani,
kwa mtoto aliyeumwa na nyoka.
Nikashika mfuko wa hewa, nikaubinya kwa mkono,
moja, mbili, tatu, kwa sauti,
maana woga ukihesabiwa hupungua,
au ndivyo mama alivyonidanganya.

Dakika ishirini. Arobaini.
Mapigo ya moyo wake yakapanda ngazi bila kupumzika,
na kwenye kona ya jicho la kushoto
chozi moja likashuka kuelekea sikioni.
Ndipo nikajua: yumo.
Yumo ndani, macho, kafungiwa mlango kwa nje.
Nikamrudishia usingizi, mikono ikinitetemeka,
nikampigia simu Dakta Kodandaramaiah.

Hakuuliza kipimo. Hakuuliza nimekosea wapi.
"Wa ukoo gani?"
Nikasema, Polisetti, wenye duka la nafaka
nyuma ya stendi.
Akashusha pumzi. "Endelea kubinya.
Asubuhi atarudi mwenyewe."

Alinieleza baadaye, akimenya chungwa.
Kwenye damu kuna mfagizi, kimeng'enya,
anayeifagia dawa hii kabla haijavua viatu.
Kwangu yupo, mwepesi, fagio mkononi.
Kwake, baba alimpa jeni iliyopinda,
mama akampa nyingine iliyopinda vilevile,
na mfagizi hakuzaliwa.
Vizazi na vizazi wameoana duka kwa duka,
mjomba na mpwa, mali isitoke nje.
Mali haikutoka. Na kasoro haikutoka.
Wala si ugonjwa: angefika miaka tisini
akipima dengu, hana habari,
kama asingekutana na sindano yangu.

Na kitabu je?
Kitabu kiliandikwa juu ya mwili mmoja
ambao sijawahi kuupokea wodini.

Tulibinya kwa zamu, mimi na nesi Yesupadam,
yeye akinong'ona zaburi, mimi namba,
hadi vidole vikawa vya mtu mwingine.
Saa moja na robo, kidole gumba chake kikasogea.
Kidogo sana. Kama mtu anayegusa sahani ya mizani
kuona kama imetulia.

Siku ya tatu nikampelekea barua,
jina la dawa kwa wino mwekundu, aibebe popote,
na wanawe wapimwe damu, na dada zake.
Akaisoma mara mbili, mbele na nyuma, kama risiti.
Nikasema, nisamehe.
Akanitazama kama anavyomtazama, nadhani,
mteja aliyeleta noti iliyochanika.

"Ulihesabu vizuri," akasema, sauti bado ina mikwaruzo.
"Ila uliruka arobaini na saba."

Nikabisha. Siwezi.

"Arobaini na sita, arobaini na nane.
Nilitaka kukwambia. Nikautafuta ulimi, haupo.
Nikatafuta kope, hazipo.
Nikasema basi, nitaiandika kichwani,
pumzi moja, deni la daktari."

Kisha akaomba maziwa ya mgando.

Siku hizi, kabla sijachoma sindano, nauliza mambo
ambayo fomu haina nafasi yake:
wazazi wako walikuwa nani kwa nani kabla ya harusi?
Nani kwenu alilazwa akachelewa kuamka?
Wengine hucheka. Mmoja aliniambia nimekuwa mshenga.

Na nikibinya mfuko nahesabu polepole.
Nikifika arobaini na saba
naitamka mara mbili.