Kidole Kilichobaki Juu

Mwezi ule Sabaki ilikuwa imetapika udongo wa bara,
bahari ya Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa,
nami, niliyeipa chai talaka siku kumi na moja nyuma,
nikaongozwa ndani yake, nguo nyeupe zikinivimba kiunoni,
na kijana wa Bungoma aliyetetemeka kuniliko.

Akataja jina langu lote: Perpetua Kache Gona.
Akanizamisha.
Nikaibuka natema chumvi na mchanga.
Mashahidi wawili wakanong'onezana,
kisha mmoja, kwa haya, kama anayemwambia mtu zipu iko wazi:
"Dada, kidole cha mguu kilibaki juu.
Itabidi turudie."

Nilikijua kidole hicho. Gumba la kushoto,
lililokatwa na jembe shambani Kijiwetanga,
mama akalifunga kitambaa, akalisomea Salamu Maria tatu.
Halikutaka kuzama.

*

Sikuhamishwa na hoja. Hoja ninazo za pande zote;
baba alikuwa katekista, nililelewa kwa swali na jibu
kama wenzangu kwa sima na mchicha.
Ngumbao wangu aliishi Jumanne na Jumatano.
Nilijua yeyote aweza kumwaga maji na kutamka maneno,
hata mimi, hata mpita njia.
Nilikuwa nimelala.

Padre hakunidanganya: "Tumwachie Mungu, ni mwenye huruma."
Lilikuwa neno jema, lakini lilikuwa mlango uliorudishwa,
haukufungwa, haukufunguliwa,
na mimi kizingitini miaka sita.

Halafu vijana wawili wenye beji nyeusi
wakabisha kwangu Maweni, jua la saa saba, tai zimewakaba,
wakaomba maji ya kunywa.
Nikawauliza swali lile lile.
Yule mdogo, ndevu zake bado hazijakata shauri,
akasema: "Mtoto hana deni. Utamlea."

Utamlea.
Aliendelea kusema mengi mchana ule, na vitabu alifungua.
Mimi nilibaki kwenye ile *ta*.

*

Mama aliipokea habari kama anavyopokea bei ya mafuta ya taa:
alinyamaza, akapunguza utambi.
Siku ya tatu: "Kwani yale maji ya kwanza hayakukulowesha?"
Wiki ya pili: "Nasikia huko mnapewa maji badala ya divai.
Kana kinyumenyume."
Jumuiya ya Mtakatifu Monika wakaja kumpa pole
na kilo mbili za sukari, kama matangani.
Nilikuwepo. Viti niliwapangia mimi,
maiti mwenyewe, nikawaambia karibuni.

Rozari sikuirudisha. Iko kwenye kopo la vifungo.
Na Jumapili, kwenye chumba chetu cha kukodi kule Barani,
viti vya plastiki, feni yenye kikohozi,
kengele ya kanisa kuu ikibebwa na upepo
goti langu la kulia hushtuka kabla yangu.
Hakuna aliyeligundua. Au wameligundua
na kila mmoja ana goti lake.

*

Jana mama alikuja bila kubisha.
Akapitia nyuma ya bafu, akakata majani,
akachemsha mwenyewe, akamimina vikombe viwili.

"Mama, mimi chai..."
"Hii si chai. Ni mchaichai."
"Jina lake lina chai mara mbili."
"Jina ni jina. Hata wewe bado unaitwa Perpetua."

Tukanywa. Ilikuwa ya moto, hatukuwa na haja ya maneno.
Alipofika kwenye makapi akakizungusha kikombe,
akakiangalia kama kisima.

"Na yule," akasema, "wamekuambia utamlea?"
"Wameniambia."

Akasimama, akajifunga leso upya, akaenda mpaka mlangoni,
akasema akiwa amenipa mgongo:

"Basi ukimlea,
usimnyime mtoto chai."